Picha ya Kutimia

Jumatatu asubuhi, kabla hajaweka hata mkoba chini, Waridi binti Uthmani aliitwa na mzee Bahizire aje kwenye mashine ya tatu. Kwa kawaida mzee humwita "patroni", kwa kumtania tu, maana yeye ndiye aliyemfundisha kushika kompyuta, halafu mwanafunzi akawa mwenye duka, studio ya picha na siber ya intaneti mtaani Buyenzi, Bujumbura. Siku hiyo alimwita kwa jina lake.

"Waridi, kuja uone. Njo hii ilifanya Amissi apelekwe."

Waridi aliangalia skrini. Picha aliijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliitengeneza yeye. Ilikuwa ya harusi ya Amissi, fundi wa magari wa palepale Buyenzi, amesimama na bibi harusi wake Ghada na familia nzima. Kuliani kwa bwana harusi alisimama kaka yake mkubwa, Radjabu, na kanzu nyeupe, anatabasamu. Na juu ya picha, mtu aliyejiita Mlinzi wa Mji alikuwa ameandika hivi: "Tazameni kwa macho yenu. Kamanda Radjabu, ambaye watu wake wanaturushia mabomu, alikuwa Buyenzi mwezi wa tatu, anasherehekea. Amissi ndiye anayemficha."

Amissi alikuwa amechukuliwa Jumamosi, gereji kwake, mchana kweupe. Watu wawili walishuka kwenye pikapu, wakamwambia afunge boneti ya gari alilokuwa akilitengeneza, wakaondoka naye. Siku mbili mtaa mzima ulikuwa unaulizana amekosa nini. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Makundi karibu yote yalikwisha kutia sahihi ya amani, lakini moja lilikuwa bado milimani, na mabomu yalianguka mjini siku yalipojisikia. Kuambiwa unamficha kamanda wa milimani haikuwa kesi ya kucheza nayo. Watu walikwisha kupotea kwa mambo madogo kuliko hayo.

Na Radjabu hakuwa kwenye ile harusi. Hilo lilijulikana na kila mtu Buyenzi, hata na paka wa Buyenzi. Aliingia milimani katikati ya miaka ya tisini, na tangu hapo hakuonekana tena mtaani.

Hapa inabidi nieleze, maana aliyelelewa mahali penye amani hawezi kuelewa. Vita vilipowatawanya watu, huyu Uvira, yule Kigoma, mwingine hajulikani alipo, harusi zilianza kuwa na mapengo. Picha kubwa ya harusi ina mpangilio wake: kaka mkubwa husimama kuliani kwa bwana harusi, baba nyuma, shangazi mbele. Kuacha nafasi wazi wazee waliona ni kama kumhesabu mtu marehemu. Basi marehemu baba yake Waridi, mpiga picha Uthmani, akaanza kuwakata watu kwenye picha za zamani kwa wembe na kuwabandika mahali pao. Watu wakaiita picha ya kutimia. Waridi aliporithi studio na kuweka kompyuta sita, wembe ukaachwa, na kazi ikawa safi kiasi kwamba huwezi kuona mshono. Kwa Radjabu alikuwa na picha moja tu, ya Iddi ya mwaka tisini na tano. Mama yake, Bi Assia, alimwambia, "Mutie na mvi kidogo, mwanangu. Sasa iko mutu muzima." Waridi akamtia mvi. Alijivunia sana zile mvi.

Halafu akafanya kosa ambalo mtu wa Buyenzi pekee angeweza kulifanya. Yeye na Bahizire walikuwa na uwanja wao kwenye mtandao, Kibarazani, ambako watu wa Bujumbura na waliotawanyika duniani walisalimiana, walitafuta ndugu, waligombana na kuwasema wakubwa. Akaiweka picha pale ili jamaa wa Uvira na wa Ulaya waione. Wala hakuandika chochote chini yake. Aandike nini? Mtaa mzima unajua picha ya kutimia ni nini. Alisahau kwamba Kibarazani ina wasomaji ambao hawajawahi kukanyaga Buyenzi, na kwamba hata wa Buyenzi si wote wenye nia njema.

"Futa ile fichier, faili ya kazi yako," alisema Bahizire kwa sauti ya chini. "Futa na photo yenyewe, na ile maneno ya Mlinzi. Wakiuliza, sisi hatujui kitu. Mi niliona kwetu Bukavu namna mutu anapotea juu ya karatasi moja."

"Nikifuta, Mzee, hii photo itabakia kwa vichwa ya batu. Mule siwezi kufuta."

"Basi sikia tena. Niliangalia adresi ya machine. Ule Mlinzi aliandikia hapahapa kwetu. Ijumaa, saa kumi, machine ya karibu na mulango." Mzee akamsogelea. "Na mi najua nani alikaa pale."

 Waridi alitamani jina hilo kama mtu wa funga anavyotamani maji, na hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Alifikiri atakavyokwenda kumkwida huyo mtu mbele za watu. Halafu akafikiria nani mwingine hukaa kwenye zile mashine. Kuna mama aliyeandika, bila jina, kwamba askari walimchukulia mbuzi. Kuna mwalimu aliyeandika kwamba wale wa milimani wanadai chakula kwa nguvu. Hao wote waliandika kwa sababu waliamini kwamba Waridi hawachungulii mgongoni.

"Usiniambie," alisema.

"Unasema nini?"

"Usiniambie, Mzee. Nikijua, wataniuliza, na mi sijui kudanganya."

Akaketi, akaandika chini ya maneno ya Mlinzi: "Mimi Waridi binti Uthmani, wa Studio Uthmani, ndiye niliyeitengeneza picha hii. Radjabu hakuwepo harusini. Nilimweka mimi, kwa ombi la familia, kutoka picha ya mwaka tisini na tano. Kosa la kutoandika hivyo mapema ni langu. Amissi hana kosa." Bahizire alimwambia kwamba anajifunga kamba mwenyewe. Waridi akajibu kwamba afadhali kamba aliyoifunga yeye, anajua fundo liko wapi, akabonyeza.

*

Kamba haikukawia. Jumanne saa nne gari la serikali lilisimama nje, akashuka bwana mmoja mrefu wa suti ya kijivu, Pontien, mshauri wa mambo ya mawasiliano. Ofisi yake ilikuwa Kigobe, nyumba Kiriri, mitaa ya wakubwa, na faili la Amissi lilikuwa limeletwa mezani kwake aseme kama picha ile ni ya kweli. Alikuja na polisi wawili wa kubeba mashine.

"Madame, umeandika wewe mwenyewe kwamba ulitengeneza," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Waridi zaidi. "Wewe ni jirani ya Amissi. Nitajua namna gani hauko unamufunika?"

"Kaa hapa, Shefu. Unipe nusu saa. Kisha ubebe machine zote, na mimi juu yake."

Pontien aliangalia saa, akakaa. Waridi akachukua kamera ndogo, akampiga picha moja amesimama mbele ya ukuta mweupe. Polisi walitazamana. Alifungua picha ya harusi, akaanza kazi, na baada ya muda hata wateja waliacha barua zao wakaja kutazama. Alimkata, akampunguza kimo, akamgeuzia mwanga utoke upande wa dirisha, akamwekea kivuli cha kofia ya mjomba begani. Zilipotimia dakika ishirini na tano, mshauri wa serikali alikuwa amesimama kuliani kwa bwana harusi, uso umejaa furaha, nyuma tu ya kamanda wa waasi.

Mmoja wa polisi alicheka, akajikohoza haraka.

"Shefu na we ulikuwa harusini?" aliuliza Waridi. "Na unamujua Radjabu?"

Pontien aliitazama picha muda mrefu. Hakucheka. "Sawa," alisema. "Nimeamini. Picha ni montaji, ya kuungaunga."

Waridi alikuwa ameshaanza kushusha pumzi.

"Lakini haimutoe Amissi. Wenzangu watasema hivi: mama anayeomba mutoto wake atiwe ndani ya picha, tena atiwe mvi, ni mama anayejua mutoto iko muzima. Na kama mama anajua, Amissi anajua. Watamubakiza mpaka aseme kaka yake iko wapi." Akaonyesha skrini kwa kidole. "Na umenionyesha kitu ingine, madame. Umenionyesha hii kitu iko hatari kiasi gani. Alhamisi ninapeleka ordonansi yangu, amri ya serikali. Montaji marufuku. Picha yote ya siber ipitie kwanza ofisi yetu. Na Kibarazani inafungwa."

"Kibarazani imekosa nini?"

Hapo ndipo uso wa Pontien ulibadilika. "Mwaka tisini na ine," alisema, "karatasi moja ilitembea Cibitoke. Fotokopi. Majina ya watu waliopanga kuua, na sahihi ya kaka yangu chini. Sahihi ilikuwa ya uongo, waliichukua kwa barua ya kazi. Karatasi ilipita kwa mikono ya mtaa wote na hakuna mutu aliuliza nani ameiandika. Siku ya tatu walikuja kwake. Alikuwa na watoto ine." Alinyanyuka, akafunga kifungo cha koti. "Mi niliapa, madame. Karatasi ya namna ile haitatembea tena, mi nikiwa hai. Usinione mimi ni mutu mubaya."

Waridi hakumwona mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Pontien aliondoka bila kubeba mashine, akawaacha polisi wawili mlangoni, na wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja kama wamekumbuka moto jikoni.

*

Jumatano asubuhi Kibarazani ilikuwa imejaa matusi. Wengine walimwita Waridi mwongo, wengine walimwita malaya wa milimani, na mmoja, kwa ukarimu, alimwita vyote viwili. Bahizire alitaka kuwafungia, yeye akakataa. Alishuka na matusi yote mpaka chini, moja moja, na chini kabisa akakuta ujumbe uliotumwa alfajiri na mtu anayeitwa Hamimu, kutoka Kigoma mjini.

"Dada Waridi," uliandikwa, "nimeona picha yako kwa mtu aliyekuja nayo kambini. Usoni ni Radjabu wa Buyenzi, lakini mvi hizo hakuzipata. Tulikimbia pamoja kuja huku Kigoma. Alikuwa ameacha bunduki mwaka mmoja kabla. Alikufa kwa kipindupindu mwaka tisini na nane, na mimi nilikuwa kati ya wanne tuliomwosha na kumzika. Mkanda wa suruali yake ulikuwa na hirizi imeshonwa kwa ndani, kwa uzi mwekundu. Tuliifungua tukakuta Ayatul Kursiyu. Sikujua pa kuipeleka habari hii. Leo nimepajua."

Waridi alisoma mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia, na hakujificha. Alimlilia Radjabu, aliyekuwa akimbeba mabegani siku za Iddi. Alililia na zile mvi zake alizozipaka kwa ufundi mwingi juu ya kichwa cha maiti.

"Inaweza kuwa uongo," alisema Bahizire polepole. "Batu wanaandika kila kitu."

"Inaweza. Kuna mutu mumoja tu anaweza kujua."

Nyumba ya Bi Assia ilikuwa njia mbili tu kutoka studio, lakini siku hiyo Waridi aliiona mbali. Alimkuta mama huyo ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi, sufuria ya chakula cha Amissi imefungwa kitambaa pembeni yake. Siku tatu alikuwa akipeleka sufuria ile mlangoni pa mahabusu, na siku tatu alirudishwa nayo imejaa.

Waridi alipiga magoti. Alikuwa amejipangia maneno njiani, yote yakamtoroka. "Mama," alisema, "Radjabu alipoondoka, ulimushonea kitu?"

Tasbihi ilisimama. "Nani alikuambia?"

"Ulimushonea wapi, Mama?"

"Ndani ya mukanda. Hakuna mutu alijua. Hata Amissi." Bi Assia alimkazia macho. "Nilishona mi peke yangu, yeye amelala. Nilitumia uzi mwekundu, mweupe ulikuwa umekwisha. Nani alikuambia?"

Waridi alikunjua karatasi aliyochapia ujumbe wa Hamimu, akamsomea mpaka kwenye uzi. Bi Assia alimtazama, halafu akaitazama ile sufuria, halafu akageuza uso ukutani.

"Apana," alisema. "Usiniletee kifo kutoka kwa machine. Ile machine yako njo ilimuonyesha iko harusini. Leo inasema amekufa. Kesho itasema nini?"

"Mama, ile ya harusi nilitengeneza mimi. Hii sikutengeneza. Ile uzi machine haijui."

 Nje mtu aliuza dagaa wa ziwani kwa kuimba, akapita. Waridi aliona aibu kwa alichotakiwa kukisema, lakini Amissi alikuwa siku ya tano mikononi mwa watu wasio na majina, na asingekisema yeye nani angekisema? "Wanamushika Amissi aseme kaka yake iko wapi. Atawaambia nini, na yeye hajui? Ukiwaambia wewe, Mama, watamuachia. Lakini itabidi useme mbele yao."

"Unataka nimuzike mumoja ili nimutoe mwengine."

"Ndiyo, Mama."

Ni neno gumu kumwambia mzazi, na Waridi alilisema bila kulipaka sukari. Bi Assia alilia kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti, mwili wote ukitikisika, na Waridi akamshika mpaka mkono ukafa ganzi. Ilikuwa karibu adhuhuri Bi Assia alipojifuta kwa ncha ya kanga na kusema, kwa sauti kavu, kwamba buibui lake jeusi liko ndani ya sanduku, Waridi alitoe, alipige pasi.

*

Alhamisi, Kigobe, Waridi na Bi Assia waliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu. Pontien alikuwa katikati, na wakubwa watatu wengine ambao hawakujitambulisha. Ordonansi ilikuwa imekwisha chapwa, ipo mbele yake.

Bi Assia hakungoja kukaribishwa. Alisimama pale mlangoni, akasema: "Mi ni mama ya Radjabu. Mutoto yangu alikufa mwaka tisini na nane, kambini, na kipindupindu. Nimejua jana." Akaeleza hirizi, akaeleza uzi, akasema nani alimwosha. Hakulia. Alipomaliza alisema, "Sasa munipe ule mwengine."

Waridi aliweka mezani karatasi ya ujumbe wa Hamimu. Mmoja wa wale watatu alisema hata hiyo inaweza kuwa imetengenezwa. Pontien aliisoma hadi mwisho, akainua macho akamtazama Bi Assia.

"Hii haikutengenezwa," alisema. "Mi nilikuwa na mama pia." Akaandika kwenye faili, akapiga muhuri, akampa mwenzake wa kulia, ambaye alisita, kisha naye akatia sahihi. Amissi angetoka jioni.

Hapo mtu mwenye akili zake angeshukuru akaondoka. Waridi hakuondoka.

"Shefu, hiyo ordonansi."

"Madame, chukua mama mwende nyumbani."

"Kibarazani ingefungwa Jumatatu ile, hii karatasi ya Hamimu ingetokea wapi? Miaka sita habari ilikuwa Kigoma, haina njia ya kupita. Uongo ulipita kwangu, ndiyo. Na kweli ilipita palepale." Alisogea hatua moja karibu na meza. "Kaka yako, Shefu. Mutu aliandika uongo na jina yake. Yeye alijibia wapi?"

 Waridi alijua amegusa kidonda, na aliogopa, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Hakujibia popote," alisema Pontien hatimaye. "Alienda kwa nyumba za majirani, moja moja, kusema si yeye. Alifika nyumba ya saba."

"Basi usifunge pahali pa kujibia."

Pontien alisugua uso. "Na uongo? Tuuache utembee?"

"Apana. Mutu akitengeneza picha, aandike chini kwamba imetengenezwa, na aandike jina yake. Mi niweke ya kwangu kwanza. Asipoandika, mumuazibu. Na mutu akisingiziwa, jibu yake iwekwe juu, pahali palepale, kubwa sawasawa. Lakini picha kupitia kwanza ofisini, apana. Mutakuwa munachelewesha hata photo ya mutoto aliyezaliwa."

"Na huyo Mlinzi wa Mji? Nipatie jina yake, na mi nitafikiri juu ya Kibarazani."

"Sijui jina."

"Unaweza kujua?"

Waridi aliona Bi Assia amegeuka kumtazama. Huyo Mlinzi nusura asababishe mwanawe auawe. Angeweza kusema hapana, nani angejua? "Naweza," alijibu. "Nimekataa. Nikikupa huyu leo, kesho utaniomba jina ya mama aliyeandika juu ya mbuzi zake, na huyo ana haki. Wote wataacha kuandika. Ule Mlinzi alinifanyia ubaya, mimi na hii nyumba ya Mama. Lakini sitamupeleka kwa pikapu."

Mmoja wa wakubwa alipiga meza. Alisema huyu mwanamke achukuliwe palepale. Pontien alinyanyua mkono. Alichukua kalamu, akakata mstari kwenye karatasi iliyochapwa, akakata mwingine, akaandika pembeni kwa herufi ndogondogo. Wenzake walibishana naye kwa Kirundi, kwa Kifaransa, tena kwa Kirundi. Aliendelea kuandika.

"Kibarazani ibakie," alisema. "Kwa miezi sita. Nitaangalia. Montaji iwe na alama na jina. Asiyeandika, tunamufungia duka mwezi mumoja." Akamtazama. "Picha ya harusi haikuwa na alama."

"Haikuwa."

"Ordonansi haikuwepo bado. Naweza kukuachilia."

"Usiniachilie. Batu wakiona umeniacha, watasema hii sheria ni ya wengine. Niandike mimi wa kwanza."

Pontien alitikisa kichwa, kama anavyotikisa mtu aliyepewa mtoto mkaidi amlee, akaandika jina lake.

*

Amissi alirudi jioni ile amekonda, na jicho moja limevimba. Mama yake alimlisha kwanza, ndipo akamwambia kuhusu kaka yake. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, imamu aliwasalisha Buyenzi sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na Amissi alisimama safu ya mbele.

Kabla studio haijafungwa kwa ule mwezi wake, Bi Assia alikuja, akakaa kwenye kiti cha mashine ya tatu kana kwamba amekaa hapo maisha yake yote.

"Ule aliyetusingizia, anasomaka humu?"

"Anasoma, Mama."

"Andika. Mi ni Assia, mama ya Radjabu na Amissi. Radjabu ni marehemu. Matanga ni siku tatu, na nyumba yangu unaijua. Kuja useme mbele yangu. Hakuna mutu atakugusa."

Waridi aliandika kama alivyoambiwa, akabonyeza, wakazima mashine zote sita. Bahizire alifunga mlango, akabandika juu yake tangazo la serikali lenye jina la Waridi, akalinyoosha vizuri lisiwe na makunyanzi.

Siku tatu watu walimiminika. Wanaume waliingia, wakampa Bi Assia mkono, wakakaa kwenye mikeka, wakasoma, wakaondoka. Waridi alikuwa akigawa chai na hakutaka kuangalia nyuso, lakini aliangalia, na alijichukia kwa hilo. Bahizire alikuwa pale pia, na kila mtu alipoingia mzee alitazama chini, kwa hiyo uso wake haukusema kitu. Matanga yaliisha na hakuna aliyenyanyuka kusema neno.

Siku ya nne Bahizire alikwenda kwenye mashine za watu wengine, mjini kati, akarudi na karatasi iliyokunjwa. Mlinzi wa Mji alikuwa ameandika. Waridi aliipeleka kwa Bi Assia, akamsomea pale pale uani, Amissi akisikiliza.

"Nilikuja siku ya pili. Nilikaa karibu na mlango. Mama alinipa mkono, na mimi sikuweza kusema. Nisameheni."

Amissi alisimama, ngumi amezikunja. Mama yake hakumwangalia. Alimwomba Waridi asome mara nyingine, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mujibu," alisema. "Mwambie mukono nilimupa. Jina yake nangojea."